Yalikotoka Majahazi

Kwa karne nyingi, kaskazi ilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi ya Kutch, magharibi mwa India, yalitia nanga Lamu, Mombasa, Unguja na Bagamoyo. Yalishusha nguo, nafaka, vyombo vya shaba na watu. Kusi iliporudi yakapakia pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, yakashika njia ya kwao. Sisi tuliozaliwa huku tuliwajua wale walioshuka wakabaki: wenye maduka ya leso Mtaa wa Biashara, mafundi seremala, wakandarasi, makarani. Tulijua bei zao, sikukuu zao na harufu ya jikoni mwao. Walikotoka hatukukujua, wala hatukuuliza. Naona hilo ni upungufu mkubwa kwa watu walioishi mlango kwa mlango muda wote huo.

Mimi nilipata bahati ya kwenda na mwenyewe. Rafiki yangu alizaliwa Bhuj, mji wa Kutch, akaja Mombasa angali kijana kuandika hesabu katika duka la mjomba wake, akakaa hadi Kiswahili kikamkaa ulimini, kisha akarudi kwao kumtunza mama yake. Kule kila mtu humwita bhai, yaani kaka, nami nitamwita vivyo hivyo. Kwa muda mrefu alikuwa akinisisitiza, "Njoo Januari, bwana. Ukija Mei jua litakutoa roho." Nikaenda Januari.

Alinipokea Ahmedabad, maana hakutaka niingie Gujarat, jimbo lenye Kutch, peke yangu. Ni jiji la mamilioni ya watu, na jioni ya kwanza lilinitisha: pikipiki, bajaji, ng'ombe waliolala katikati ya barabara, ngamia anayevuta mkokoteni wa mabomba ya chuma. Bhai alinishika mkono kuvuka barabara, hakuuachia hadi tulipofika mji wa kale. Huko ndani nikatulia. Mji huo ulianzishwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Umegawanyika katika mitaa iitwayo pol, kila mtaa na lango lake, na vichochoro vyake havimtoshi mtu na baiskeli kwa pamoja. Aliyelelewa Mji wa Kale wa Mombasa hapotei humo: milango ya mbao iliyochongwa, baraza za kukalia, roshani zinazokaribia kugusana juu ya kichwa chako. Kigeni kwangu kilikuwa ni vile viguzo virefu vya mbao vyenye kibanda juu, chabutro, ambavyo watu wa mtaa wamevisimamisha kwa ajili ya kulishia ndege. Njiwa na kasuku wana mahali pao pa kula katikati ya mji, na nafaka yao hutolewa na wakazi wenyewe.

Ilikuwa siku chache kabla ya Uttarayan, sikukuu ya tiara ya tarehe 14 Januari. Kando ya barabara watu walikuwa wakitengeneza uzi. Wanaufunga baina ya nguzo mbili, mistari mingi sambamba, kisha fundi anapita akiuviringishia donge la uji wa wali uliochanganywa na rangi ya waridi na unga wa kioo. Anakwenda kinyumenyume, taratibu, vidole vimefungwa vitambaa na plasta, na bado nilimwona mmoja mikono yake imejaa chale nyembamba kutoka kwenye kucha hadi kiganjani. Kioo kile ndicho kinachokata uzi wa mshindani angani. Hukata pia mbawa za ndege, na kila mwaka watu wa kujitolea hufungua vituo vya kuwatibu. Mji unaowajengea ndege nguzo za kulia unawajeruhi siku moja kwa mwaka na kuwauguza siku hiyo hiyo. Bhai aliniambia kwamba wengi wa mafundi wa tiara katika mtaa wa Jamalpur ni Waislamu, na wanunuzi wengi ni Wahindu wanaoadhimisha sikukuu yao. Alinieleza hayo kwa makusudi. Mwaka 2002 ghasia za Gujarat ziliua zaidi ya watu 1,000, wengi wao Waislamu, na hadi leo jiji limegawanyika, huku hawa na kule wale. Yeye Mhindu, mimi Mwislamu, tulitembea Jamalpur bega kwa bega. Alinunua vibiringo vya uzi, akasalimiana na fundi kwa jina, tukaketi tukanywa chai kwenye visahani.

Kesho yake alfajiri alinipeleka Msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, umebanwa na makutano ya barabara, honi hazinyamazi. Ulimalizika mwaka 1573, wakati jeshi la Akbar lilipokuwa limekwisha kuuangusha usultani wa Gujarat, na aliyeujenga alikuwa mtu wa asili ya Habash aliyehudumu katika jeshi la sultani. Ukutani upande wa magharibi mna madirisha ya mawe yaliyotobolewa yakawa mti: shina linapanda, matawi yanajikunja na kupishana, mtende umechomoza katikati yake, na nafasi kati ya jani na jani ni nyembamba kuliko kidole. Jua lilipopanda, nakshi za mti ule zilidhihirika. Tao la katikati limezibwa kwa jiwe tupu lisilo na nakshi. Niliswali rakaa mbili. Bhai alinisubiri nje na viatu vyangu.

"Mtu wa kwenu huyu," aliniambia nilipotoka. Nikamjibu kwamba Habash na Mombasa ni mbali. "Kwetu Bhuj wapo wa karibu zaidi," akasema. "Nitakupeleka. Mwishoni."

Tulishika barabara ya magharibi katika gari la binamu yake. Baada ya Viramgam miti inapungua, halafu nchi inalala kabisa. Hapo ndipo unapoanza Rann Mdogo, uwanda wa udongo wa chumvi ambao masika ya huko huufunika maji na kiangazi huukausha hadi ukapasuka. Karibu na Kharaghoda tuliacha lami, tukawafuata Waagariya, watu wa kuvuna chumvi. Gujarat inatoa zaidi ya theluthi mbili ya chumvi yote ya India, na sehemu yake hutoka katika mikono ya familia zinazohamia uwandani kuanzia Oktoba na kukaa hadi joto liwafukuze. Wanachimba kisima, wanavuta maji ya chini ya ardhi yenye chumvi kali mno kuliko ya bahari, wanayatandaza katika majaruba, kisha wanangoja. Lakini kungoja kwenyewe ni kazi. Kila siku mtu anaingia katika jaruba peku, akivuta reki nzito ya mbao ili chembe zikue sawasawa na zisishikamane na sakafu.

Nimeyaona mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kwa hiyo nilidhani najua nitakachokiona. Sikuwa nimewahi kuona miguu kama ile. Mzee aliyetukaribisha alinyoosha wake mbele tulipoketi: ngozi ya nyayo imekuwa gamba jeupe, imepasuka kwenye kisigino, na chumvi imejaa ndani ya mipasuko. Wanasema Mwagariya akifa na kuchomwa moto, kama desturi yao ilivyo, mwili huteketea lakini nyayo hubaki. Bhai alilitafsiri hilo kwa sauti ya chini. Mke wa mzee alitupa chai na mkate wa uwele, akakataa katakata fedha tulizompa. Maji ya kunywa huletwa kwa gari la tangi. Afueni moja wameipata miaka ya karibuni: pampu za umeme wa jua zimechukua nafasi ya zile za dizeli, ambazo mafuta yake yalikuwa yakila karibu mapato yote. Mzee alizipapasa zile paneli zake, akatueleza msimu mzima ulivyobadilika. Tulikaa naye hadi alasiri. Kwa mbali kundi la punda mwitu, wale wa rangi ya mchanga wanaohifadhiwa uwandani humo, lilipita likikimbia.

Bhuj tuliingia usiku. Mama yake Bhai alikuwa bado macho. Aliniita mwanangu kwa Kikutchi, akaniwekea wali na dengu uliolainika, mtindi uliopikwa na viungo, siagi nyeupe, sukari guru, na glasi ya maziwa ya mgando. Nyumba yao haiingii nyama wala yai, na kwa muda wote niliokaa sikuvitamani. Nilipotaka kuondoa sahani yangu alinipiga kikofi cha mkono. Mgeni haoshi chombo, akasema, na Bhai akaniambia kwamba hata yeye hajawahi kumshinda katika neno hilo.

Bhuj ni mji wa kabla na wa baada. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri, tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliua karibu watu 20,000 katika Gujarat, wengi wao Kutch. Watoto wa shule wa mji wa jirani wa Anjar walikuwa katika gwaride, wakipita kichochoro chembamba, nyumba za pande zote mbili zikawaangukia. Mlimani Bhujio sasa kuna makumbusho ya Smritivan, yaliyofunguliwa mwaka 2022, yenye majina ya waliokufa. Bhai hakuingia nami. Alikaa nje chini ya miti, na nilipotoka aliniambia tu kwamba alikuwa Mombasa siku ile, na kwamba simu hazikushika kwa muda mrefu. Sikumdadisi zaidi.

Alichopenda kunionyesha ni Aina Mahal, jumba la vioo. Lilijengwa katika karne ya 18 kwa amri ya Rao Lakhpatji, mtawala wa Kutch, na fundi wake mkuu aliitwa Ramsingh Malam, baharia. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilivunjika katika safari ya Afrika, akaokolewa na meli ya Kiholanzi, akapelekwa Ulaya, na huko akajifunza kutengeneza kioo, saa na vigae vya rangi. Aliporudi mtawala akamkabidhi jumba. Tetemeko lililiharibu sana, lakini vyumba vilivyobaki bado vina kuta za marumaru nyeupe zilizojaa vioo, na sakafu ya vigae aliyoitengeneza baharia yule. Kwa Bhai, Ramsingh ndiye Mkutchi kamili: mtu aliyepotezwa na bahari ya kwetu akarudi kwao na ujuzi.

Kutoka Bhuj hadi Madhapar ni mwendo mfupi. Nilikuwa nimeshasimuliwa kuhusu kijiji hiki, nikadhani watu wanatia chumvi. Ni kijiji kweli, kina ng'ombe na visima, lakini kina benki zaidi ya 10, kwa sababu watoto wake walioko Nairobi, Mombasa, London na kwingineko huweka akiba nyumbani. Wengi ni Leva Patel, watu waliojulikana kwetu kwa ufundi wa ujenzi. Tulipita mtaa mzima wa nyumba za ghorofa zenye roshani za chuma na majina ya wenyewe juu ya milango, na karibu kila mlango una kufuli. Mlinzi mmoja alikuwa akifagia ua wa nyumba tatu. Wenyewe huja Desemba, au kwenye arusi, au kuletwa majivu yao. Nilisimama pale nikafikiria ghorofa za Nairobi na Mombasa zilizojengwa na mikono ya watu wa mtaa huu, ambazo nazo wengi wao hawakuziona zikizeeka. Uhuru wa Kenya ulipokuja mwaka 1963 ilibidi wachague uraia. Miaka michache baadaye maelfu walikimbilia Uingereza kabla sheria ya 1968 haijawafungia mlango. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Nyumba ya Madhapar ilikuwa ndiyo mahali ambapo hakuna serikali ingeweza kuwatoa.

Wanawake wa kijiji hiki wana habari yao pia, na naona ndiyo kubwa kuliko ya benki. Desemba 1971, India na Pakistan zikiwa vitani, mabomu yaliharibu njia ya ndege za kijeshi ya Bhuj. Wanawake 300 wa Madhapar walikwenda kuikarabati, wakijificha vichakani kila ving'ora vilipolia, wakaimaliza kwa saa 72. Kijijini kuna mnara wa kuwakumbuka.

Bhai alibisha hodi kwenye nyumba moja isiyo na kufuli. Bibi mwenye sari nyeupe alifungua, akanitazama, akamtazama Bhai, kisha akasema, "Karibu ndani, mwanangu. Umetoka Mombasa? Makupa iko vile vile?" Alikuwa amekaa Makupa tangu alipoolewa hadi mumewe alipofariki. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na sokoni, chepesi, hakina haya. Aliuliza habari za Marikiti, bei ya madafu, kama mvua bado inajaza barabara pale pale ilipokuwa ikijaza. Kisha akatutoa hadi ukumbi wa nyuma, na hapo niliona mbuzi ya kukunia nazi, ya mti mwekundu, kiti chake kimekunjika na ulimi wa chuma umelika hadi umekuwa mfupi kuliko kidole gumba. Aliibeba kutoka Mombasa ndani ya sanduku la nguo. Kutch ya pwani ina minazi, na yeye hupika kwa tui, jambo ambalo majirani zake hawalielewi. Alikaa juu ya mbuzi ile, magoti pande zote mbili, akakuna nazi moja mbele yetu kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka mlangoni na ambayo haikutetemeka hata kidogo kazini. Tulikula muhogo wa kukaanga kwa pilipili na ndimu, halafu muhogo wa nazi. Tulipoaga alinishika uso kwa mikono yote miwili, ikinukia nazi, akaniagiza nipite Makupa nimsalimie nitakayemkuta.

Tuliendelea hadi Kera, kijiji cha kawaida chenye magofu ya hekalu la kale. Alizaliwa hapo Alidina Visram, aliyevuka bahari mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12, akaanzia Bagamoyo, akaishia na maduka yaliyoifuata njia ya misafara na baadaye reli hadi Uganda. Shule inayobeba jina lake Mombasa nimepita mbele yake mara zisizo na idadi. Nilitaka kuona mtoto wa miaka 12 anaacha nini: uwanda mkavu, miiba, kisima, barabara ya vumbi inayoelekea kusini, baharini.

Barabara hiyo huishia Mandvi. Ukiuliza wageni watakuambia jumba la Vijay Vilas na pwani yake. Mimi nasema nenda kwenye mto Rukmavati, mahali wanapounda vyombo. Ukingoni yamesimama majahazi ya mbao makubwa mno, mengine yana urefu wa zaidi ya mita 40, yamezungukwa na jukwaa la miti, na ngazi ya kamba inaning'inia ubavuni. Hakuna karatasi ya michoro. Fundi mkuu ana kipimo chake kichwani, na mataruma hutafutwa katika miti ya mgunga iliyojipinda yenyewe. Mbao za ubavu ni za mti uitwao sal, na nyingi siku hizi huagizwa kutoka Malaysia. Kumaliza chombo kimoja huchukua miaka. Tulipanda. Ndani ya tumbo la jahazi kulikuwa na baridi na harufu ya mbao mbichi, na watu wawili walikuwa wakikalafati: mmoja anasokota pamba iliyolowa mafuta kuwa kamba, mwingine anaitia ufa kwa patasi butu, nyundo inalia kwa mapigo mawili mafupi na moja refu. Sauti hiyo niliijua. Nimeisikia Lamu, Matondoni, tangu utotoni. Nilimwomba yule fundi patasi, naye akanipa. Alinitazama nikitia pamba, akaniambia kupitia kwa Bhai kwamba naibana sana, pamba inahitaji nafasi ya kuvimba.

Sasa vyombo hivi vina mashine, havingoji kaskazi, na vinabeba mizigo kwenda Ghuba na Somalia. Wakharva, jamaa za mabaharia wa Mandvi, bado wanawatoa manahodha. Katika mgahawa wa karibu, ambapo tulikula dabeli, ule mkate wa viazi, karanga na komamanga ambao asili yake ni mji huu, mzee mmoja wa Kikharva alitaka tuelewane kuhusu Vasco da Gama. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba Mreno yule alipata rubani Malindi mwaka 1498, na rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid wa Oman. Mandvi hawakubali. Kwao alikuwa Kanji Malam, Mkutchi. Wanahistoria wengi wa leo wanaona Ibn Majid hakuwa yeye, na maandishi ya Kireno yanamtaja mtu wa Gujarat, kwa hiyo mzee ana haki ya kusema. Nilimwambia kwamba ikiwa alikuwa wao, basi walimpeleka mgeni mbaya. Akalifikiria hilo kwa muda, akakubali.

Kaskazini mwa Bhuj, Rann Mweupe wa Dhordo ni mzuri jinsi picha zinavyoonyesha, na kijiji cha mahema kilichowekwa kwa watalii nilikiacha nyuma haraka. Nilivutiwa zaidi na Banni, malisho yaliyo njiani. Wafugaji wake huwaachia nyati wao wa maji usiku, wakala peke yao gizani na kurudi kukamuliwa alfajiri. Nyumba zao ni za mviringo, za udongo, zenye paa la nyasi, na wakati wa tetemeko nyingi zilibaki zimesimama huku za zege zikiporomoka. Lakini malisho yanaliwa na mti mmoja wa miiba ulioletwa kutoka Amerika kuzuia chumvi isisambae. Niliutambua kabla gari halijasimama: ndio mathenge, ule ule uliowatesa wafugaji wa Baringo na Tana River. Mfugaji niliyemwambia hivyo aliniuliza kama tumepata dawa. Nikamweleza wanavyouchoma makaa kwetu. Nao huuchoma makaa. Tulisimama pale pamoja, wote wawili bila jibu zuri zaidi.

Tulifika hadi Lakhpat, mwisho wa nchi. Ukuta wake wa karibu kilomita saba ulijengwa mwaka 1801, wakati tawi la mto Indus lilipokuwa likipita hapo na bandari ilikuwa tajiri. Tetemeko la mwaka 1819 liliinua ardhi, mto ukahama, na bandari ikabaki inatazama tope la chumvi. Ukuta bado umesimama, ndani yake mna familia chache. Tharia Topan, yule mfanyabiashara ambaye jengo la zahanati alilolianzisha mbele ya bandari ya Unguja linapigwa picha na kila mgeni, asili yake ni hapa. Juu ya ukuta ule nilielewa kwa nini watu wa Kutch walikwenda mbali: maji yaliwaacha, wakayafuata.

Siku ya mwisho Bhai akatimiza ahadi. Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika, na wengine wao wanaishi Bhuj. Wanasema Kikutchi na Kigujarati, ni Waislamu, na humheshimu walii Bava Gor, ambaye wanasema alitoka Habash. Tuliketi uani kwa mpigangoma mmoja mzee. Alileta ngoma ndefu yenye miguu, yenye ngozi upande mmoja, njuga ya kifuu cha nazi, na upinde wenye kibuyu. Alipoipiga ile ngoma vijana watatu walicheza, na mabega yao yalikwenda kama ninavyoyajua mabega ya watu wa pwani yetu.

Kisha mzee akaniuliza swali, na Bhai akanyamaza badala ya kutafsiri. Nikamngoja. "Anauliza," akasema hatimaye, "kama kwenu mnajua walikuja huku kwa njia gani." Nikamwambia Bhai ajibu kweli yote: kwamba wengine walikuja mabaharia na askari, na wengi waliuzwa; kwamba majahazi ya kaskazi na kusi hayakubeba karafuu tu; kwamba wafanyabiashara wa Kutch walioshika forodha ya Unguja, kama nyumba ya Jairam Shivji, walikuwa ndani ya biashara hiyo, na kwamba mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja kuwaachia maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwao. Bhai alitafsiri neno kwa neno. Halafu akaongeza lake kwa Kikutchi, na baadaye ndipo aliponiambia alisema nini: kwamba mababu zake walikuwa wafanyabiashara wa Mandvi, na haoni namna ambavyo wao peke yao wangekuwa wasafi. Mzee alimtazama sana. Alisema hilo wao wamelijua siku zote, ila hajawahi kulisikia likisemwa uani kwake na mtu wa ukoo huo. Akaagiza chai nyingine.

Kijana wake mmoja alitaka kusikia ngoma za kwetu. Nilimfungulia simu, tukasikiliza chakacha na sengenya, naye akazifuata kwa vidole juu ya goti, akanisahihisha pale aliponiona napiga makofi nje ya mdundo.

Njiani kurudi nyumbani Bhai aliniuliza Shimoni ni mbali gani kutoka mjini. Alikuwa amekaa Mombasa miaka yote ile, akisikia habari za lile pango walimofungiwa watu kabla ya kupakiwa vyomboni, na hakuwahi kwenda. Nikamwambia tutavuka feri ya Likoni mapema, tupande matatu ya Lunga Lunga, tushuke njia panda, hapo kuna magari na bodaboda hadi kijijini, na watu wa kijiji wenyewe ndio wanaolitunza pango na kuwatembeza wageni. "Desemba," akasema. "Na safari hii wewe ndiye utakayeniongoza."